Dada Mita na Kisemeo cha Baba Yake

Siku niliyomwona mara ya kwanza alikuwa amejitwika kigoda kichwani, redio kwapani, na mkononi ana mfuko uliojaa waya mpaka umetoboka. Alisimama mlangoni pa chumba changu cha kushonea viatu, akaikagua meza yangu kutoka pembe hadi pembe.

"Hodi fundi. Meza hii unaitumia yote?"

Kwangu mimi kuongea na mtu nisiyemjua ni kazi nzito kuliko kushona buti la mvua. Nikatikisa kichwa, na mpaka leo sijui kama nilikubali au nilikataa.

"Basi nusu itanitosha," akasema, akakitua kigoda.

Baadaye mwenye nyumba alikuja kunieleza kwamba amempangisha nusu ya chumba na akasahau kuniambia. Alikuta mstari wa chaki umeshapita katikati ya meza. Upande wa dirisha ulikuwa wake, kwa sababu vitu vyake vina rangi ndogo ndogo zinazotaka mwanga. Upande wa mlango ukawa wangu.

"Huku risasi, huku gundi," aliniambia akionyesha kwa bisibisi. Risasi aliyoitaja ni ule waya laini unaoyeyushwa kwa chuma cha moto ili kuunganisha vitu vya umeme. "Gundi yako ikivuka mpaka, naichoma. Umesikia?"

Nilisikia, ila sikujibu.

"Haya, Kaka Kimya," akasema, na jina hilo likanikaa kama kiatu cha saizi yangu.

Wateja walimsumbua mwanzoni. Mtu angeingia na redio, akamruka yeye kwa macho, akaniuliza mimi kama fundi atarudi saa ngapi. Mimi ningenyoosha msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, kuelekea dirishani.

"Fundi yuko wapi?"

"Umemkanyagia waya," yeye mwenyewe angejibu.

"Namaanisha fundi wa redio."

"Hata mimi namaanisha huyo huyo. Toa mguu, kisha tuongee."

Hakuwa mkali, alikuwa na haraka ya kufanya kazi tu. Jina la Dada Mita alipewa na mtaa kwa sababu ya ile mita yake ya kupimia umeme, yenye mshale mwekundu na kioo kilichopasuka pembeni. Hakuamini kitu mpaka akiguse kwa ncha mbili za mita. Betri mpya iliyotoka dukani, aliipima. Balbu inayowaka mbele ya macho yake, aliipima. Muuza mkaa wa jirani alikuwa akisema kwamba ukimwambia Dada Mita mvua inanyesha, atatoa mita kwanza ndipo atoe mwavuli.

Muuza mkaa alikuwa na haki ya kumtania, maana ni yeye aliyemfanya awe hivyo. Dada Mita alipokuwa mgeni kwetu, alimtengenezea kiboksi cha kupunguza umeme wa betri ya pikipiki ili uwashe redio yake ndogo. Ndani ya kiboksi aliweka kitufe cha kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti, akakizungusha mpaka mshale wa mita ukasimama alipotaka. Mezani kilifanya kazi vizuri. Kwenye banda la mkaa vumbi liliingia ndani ya kitufe, kikakosa kugusana, umeme wote wa betri ukapita bila kizuizi, na redio ikatoa moshi katikati ya taarifa ya habari. Dada Mita hakutafuta maneno. Alimpa muuza mkaa redio yake mwenyewe, ile aliyokuja nayo kwapani.

"Baba alinikataza," aliniambia siku hiyo. "Alisema kinachozunguka huzunguka hata usipokigusa."

Baba yake alikuwa fundi redio kabla yake, na yeye alikulia chini ya meza ya kazi akiokota nati. Baadaye mzee aliugua koo, na madaktari wakamwondoa kikoromeo chote. Alipumulia tundu lililo shingoni, ambalo alilifunika kwa kitambaa safi. Hospitali ilimpa kifaa cha kusemea, kidogo kama tochi. Ukikibana chini ya taya kinatetema, nawe unaumba maneno kwa ulimi na midomo. Nyumbani kwao walikiita kisemeo. Sauti yake ilikuwa kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, isiyopanda wala kushuka, lakini maneno yalisikika. Mzee alikitumia ndani ya nyumba tu. Kwenye simu alikataa kabisa kusema.

Kisha siku moja umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi kwa kishindo. Chaja ya kisemeo iliungua. Betri ya ndani, ambayo ilikuwa imechoka tangu zamani, ikafuata. Hospitali walisema hawana kingine, wasubiri. Mzee akabaki anagonga meza: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kuandika hakupenda, na hata zamani herufi zake zilikuwa za kubahatisha.

Wangesubiri kweli, kama si habari ya shangazi.

Shangazi huyo alikuwa dada mkubwa wa mzee, aliyemlea. Aliishi mbali, na macho yake yalikuwa yamezimika miaka mingi. Alituma ujumbe kwa simu ya mtu: "Jumamosi nakuja, na sitasafiri tena baada ya hapo, magoti yamekataa. Mwambieni mdogo wangu nakuja kumsikia, maana kumwona siwezi."

Dada Mita alinipa habari hiyo huku chuma cha kuchomea kiko mkononi kinapoa.

"Mmoja hana sauti, mwingine hana macho," alisema. "Akimwandikia, hasomi. Akimwonyesha kwa mikono, haoni. Watakaa sebuleni kama viti viwili, Kaka Kimya, halafu mmoja atarudi kwake, na wasikutane tena."

Nilitaka kusema kitu. Nikapiga msumari kwenye kisigino.

"Hapana," akajijibu. "Kisemeo kitaongea Jumamosi."

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Mgongoni mwa kisemeo paliandikwa volti saba na nusu. Madukani kulikuwa na chaja za volti tano, tisa na kumi na mbili. Tano haikukiamsha. Tisa hakuthubutu kuijaribu, maana kifaa kilikuwa kimoja, kizee, na kikiungua hakuna wa kukifufua. Kwa hiyo alikata shauri kutengeneza umeme wa saba na nusu kutoka betri ya pikipiki ya shemeji yake, mume wa mdogo wake.

Shemeji alileta betri mwenyewe, akaitua juu ya meza yangu, upande wa gundi.

"Shemeji, hiyo si kazi ya leo jioni? Weka kile kitufe chako cha kuzungusha, zungusha, kwisha."

"Kile kilichounguza redio ya mkaa?"

"Ya mkaa ilikuwa na vumbi la mkaa. Sebuleni kwa mzee kuna mkaa?"

Nadhani alimshinda kidogo, kwa sababu Dada Mita alikiunga kweli kitufe kimoja ili aone. Akakizungusha taratibu, mshale ukapanda, ukasimama kwenye saba na nusu bila kutetereka.

"Umeona?" shemeji akapiga makofi. "Chomeka sasa mzee aongee!"

Dada Mita hakuchomeka. Alichukua bisibisi, akaigeuza, akakigonga kitufe kwa mpini, kidogo tu, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Mshale uliruka mpaka kumi na moja, ukarudi saba na nusu, ukatulia kama haukufanya kitu.

Shemeji akaacha kupiga makofi. 

"Mara moja tu imeruka," shemeji akasema, lakini sauti imepungua.

"Na baba ana makoo mangapi?" Dada Mita akamuuliza. Akakikata kitufe kwa koleo, akakitupa kwenye kopo la takataka.

Alichotaka sasa ni rezista, vile vidude vidogo kama punje ya mchele, vyenye mistari ya rangi inayokuambia vinazuia umeme kwa kiasi gani. Havizunguki, havina pa kulegea. Kazi ya kupunguza umeme hufanywa na kidude cheusi chenye miguu mitatu, mafundi wanakiita regyuleta, na rezista mbili ndizo zinazokiamuru kitoe volti ngapi. Kipimo alikifahamu kwa kichwa tangu utotoni: kwa volti saba na nusu, weka rezista ya mia mbili na arobaini juu, ya elfu moja na mia mbili chini. Baba yake alikuwa akimkaririsha kama mpishi anayetaja vikombe vya unga.

Ya elfu moja na mia mbili alikuwa nayo. Ya mia mbili na arobaini hakuwa nayo. Alipasua mabodi ya redio zilizokufa, akanyofoa rezista, akazipanga kwenye kifuniko cha kiwi changu, akazipima moja moja. Nyingine zilikuwa zimeungua mpaka mstari wa njano umekuwa kahawia, na mita ikamwambia ukweli ambao rangi ziliuficha. Hakuna hata moja. Alikwenda kwa muuza vipuri, mzee mmoja mwenye kabati la vidroo mpaka darini, tunamwita Mzee Droo.

"Mia mbili na arobaini ziliisha," Mzee Droo alimwambia. "Mia mbili na ishirini ninazo tele. Ni ndugu wa tumbo moja, chukua."

Alichukua, akarudi, akachomea. Siku hiyo alifanya kazi bila kunywa maji. Kipande cha alumini alikikata kwenye mfuniko wa sufuria, akakifunga kwenye regyuleta ili joto lipate pa kwenda. Alipomaliza akashika ncha za mita, na mimi, sijui kwa nini, nikaacha kushona.

Mshale ulisimama kwenye nane, na kidogo mbele ya nane.

"Nusu volti tu!" shemeji akasema. Ilikuwa Ijumaa mchana na alikuwa amekuja kuulizia betri yake. "Nusu volti imewahi kumuua nani?"

"Sijui," Dada Mita akasema. "Ndiyo maana siiweki. Ningekuwa na visemeo viwili ningejaribu kimoja."

"Sasa utafanyaje? Shangazi yuko njiani."

"Nitafanya mpaka itimie."

Alisema hivyo, lakini nilimwona akikaa na kuegemeza paji la uso kwenye kiganja, mahali pale pale kwenye mstari wa chaki. Alikuwa hajamwambia baba yake lolote, kwa kuogopa kumpa tumaini la bure. Mwishowe akanyanyuka.

"Kaka Kimya, nibebee betri. Naenda kumwuliza baba."

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko, sebule moja yenye viti vya mbao na saa ya ukutani iliyokuwa mbele ya saa zote za mtaa. Mzee alikuwa amekaa, kitambaa shingoni, mashavu yamenyolewa vizuri tayari kwa mgeni. Dada Mita alikiweka kiboksi mbele yake kikiwa wazi, bila maelezo. Mzee akavaa miwani. Alikitazama kwa muda, akanusa risasi, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeletewa mjukuu.

"Inatoa nane na kitu, baba. Nataka saba na nusu. Juu nimekosa mia mbili na arobaini, nimeweka mia mbili na ishirini."

Mzee akagonga meza mara mbili. Hapana. Akaigusa rezista ya juu kwa ukucha, akanyoosha kidole kimoja. Akaigusa ya chini, akafungua mkono mzima, vidole vitano.

"Volti tano?"

Mara mbili. Hapana. Akarudia: ya juu, kidole kimoja. Ya chini, vidole vitano. Safari hii akautikisa ule mkono wenye vidole vitano mbele ya pua ya binti yake kama anataka kumzaba.

Dada Mita aliutazama mkono ule. Midomo yake ikaanza kuhesabu.

"Mia mbili na arobaini... mara tano... elfu moja na mia mbili." Akaruka wima. "Mara tano! Ya chini iwe mara tano ya juu! Baba, miaka yote ile ulinipa kipimo, mbona hukuniambia sababu?"

Mzee akainua mabega. Nadhani naye alipewa hivyo hivyo na aliyemfundisha.

Dada Mita alinieleza jambo hilo tukiwa tunarudi karakana karibu tunakimbia, mimi na betri kifuani. Regyuleta ina tabia moja haiiachi: kwenye rezista ya juu hushikilia volti moja na robo, siku zote. Ya chini ikiwa kubwa mara tano, inabeba mara tano ya hiyo, yaani sita na robo. Jumlisha, saba na nusu. Namba zenyewe hazikuwa amri, ila uwiano wao. Akiwa na mia mbili na ishirini juu, anataka elfu moja na mia moja chini.

"Na hiyo ya elfu moja na mia moja unayo?" niliuliza. Nilishangaa kujisikia nikiuliza.

Naye alishangaa, akasimama barabarani. "Kumbe unaongea! Sina. Nina ya elfu moja, na nina ya mia moja. Nazifunga mkia kwa kichwa."

Alizichomea zikifuatana, moja nyuma ya nyingine kama watu kwenye foleni. Kabla ya hapo alizipima kila moja peke yake, zikiwa hazijashikana na kitu, kisha mbili kwa pamoja. Halafu akaunga betri.

Saba na nusu.

Akageuza bisibisi, akagonga rezista kwa mpini. Saba na nusu. Akakitingisha kiboksi kizima. Saba na nusu. Akakiinua hewani na kukiachia juu ya meza, upande wangu, misumari ikaruka. Saba na nusu. Ndipo akanywa maji.

Jumamosi niliitwa nibebe betri tena, hivyo nilikuwepo. Shangazi aliingia ameshikwa mkono na Dada Mita, mwanamke mrefu aliyepinda kidogo, fimbo ikitangulia kupapasa njia. Mzee alisimama. Alikuwa amekibana kisemeo chini ya taya, waya umeshuka mpaka kwenye kiboksi mezani.

"Dada," kisemeo kikasema. "Kiti kiko kushoto kwako."

Shangazi akasimama palepale.

"Huyo nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani? Hiyo ni redio." Akamgeukia mpwa wake kwa hasira. "Nyinyi watoto wa mafundi msinichezee. Nimekuja kwa ndugu yangu, mnaniwekea redio? Yuko wapi? Amekufa mkanificha?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo. Tulihangaika na volti, tukasahau kwamba yule mama hajawahi kuisikia sauti ile. Dada Mita akafungua mdomo ajibu, mzee akamzuia kwa mkono.

"Dada," akasema, taratibu, neno kwa neno. "Siku nilipovunja chungu cha mama. Ulinificha kwenye gunia la mahindi. Ukakaa juu yake."

Shangazi akaachia fimbo. Alisogea mbele mikono ikiwa wazi, akaikumba meza kwa nyonga, kiboksi kikaruka, betri ikatikisika. Niliona jicho la Dada Mita likienda kwenye mita kabla ya kwenda kwa shangazi yake. Mshale haukusogea.

"Na nilikuambia nini?" shangazi aliuliza. Mikono yake ilikuwa imeshafika usoni kwa mdogo wake.

"Uliniambia nisipige chafya."

"Ukapiga!"

"Nikapiga," kisemeo kikasema, kwa sauti ile ile ya nyuki, na shangazi akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, akamvuta na yeye akae.

Waliongea mpaka jioni. Dada Mita alikaa kando yao, kidole juu ya kile kipande cha mfuniko wa sufuria kuhakikisha hakipati moto kupita kiasi. Hakuingilia neno hata moja. Shemeji alipokuja kudai betri aende kazini, Dada Mita alimwangalia tu, naye akageuka akaondoka kwa miguu.

Wale wazee hawakukubali kuachana tena. Shangazi alikuwa na nyumba yenye vyumba vitupu, na mzee alisema kwa kisemeo chake kwamba anataka kusikia ugomvi wa dada yake kila asubuhi. Binti naye angewafuata, nani mwingine angeangalia mita? Kwa hiyo wiki hiyo hiyo alikuja karakana kukusanya waya zake. Alijitwika kigoda kichwani kama alivyokuja. Mstari wa chaki aliuacha.

Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga tangu alfajiri. Nikasema, "Safari njema, dada."

Alingoja kidogo, kama anayengoja mshale utulie. Kisha akanitazama shingoni, akatabasamu.

"Koo zima kama hilo, Kaka Kimya, unamwekea nani?"